Mto Uliobadilika Rangi: Mhadhara juu ya Chuo Kikuu na Ardhi Yake



Mmenipa mada ya juhudi za vyuo vikuu katika kuyahifadhi mazingira, na ya heshima ambayo vyuo hivyo hutunukiwa kwa ajili ya juhudi hizo. Nami, baada ya kuitafakari mada hiyo kwa siku nyingi, nimeona haitafaa niwahesabie vyuo vya dunia kimoja baada ya kimoja, kwani mzungumzaji afanyaye hivyo huwachosha wasikilizaji wake bila ya kuwaachia cha kushika mkononi. Nitakichukua chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Nairobi, na ndani ya chuo hicho nitamfuata mtu mmoja, marehemu Profesa Wangari Maathai, tangu siku alizokuwa akikusanya kupe kwenye masikio ya ng'ombe hadi siku mabaki ya mwili wake yalipozikwa katika ardhi ya chuo hicho hicho. Naamini kuwa katika habari za mama huyo na chuo chake yamo mengi tunayopaswa kuyajua juu ya kazi ya kweli ya mazingira ndani ya nyumba ya elimu, na juu ya sifa pia, ambayo aghalabu hufika ikiwa imechelewa.

Basi na tuanze na kupe. Wangari alirudi Kenya mwaka 1966 kutoka Marekani, alikosoma biolojia katika jimbo la Kansas na baadaye katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akiwa na barua mkononi ya kumwahidi kazi katika idara ya zuolojia. Alipofika akaikuta kazi hiyo amekwisha kupewa mtu mwingine, akabaki kuhangaika mjini hata alipopokewa na Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Giessen, aliyekuwa akiiasisi idara ya anatomia ya mifugo. Hapo ndipo alipoanza maisha yake ya ualimu, akiwafundisha vijana, ambao wengi wao hawakuzoea kufundishwa na mwanamke, namna viungo vya mnyama vilivyopangwa na namna kimoja kinavyomtegemea mwenziwe. Mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari, mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara, na mwaka uliofuata akawa profesa mshiriki. Katika miaka hiyo pia, yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walidai kuwa walimu wanawake wapewe haki za nyumba na matibabu na kiinua mgongo sawasawa na wanaume, dai ambalo leo twaliona ni la insafu tupu, lakini siku zile liliwaletea uadui.

Utafiti aliokuwa akiufanya ulihusu ndigana kali, maradhi ambayo kila mfugaji wa nyanda za juu anayajua na kuyaogopa, kwa kuwa huwaua hasa wale ng'ombe wa maziwa wa asili ya kigeni walionunuliwa kwa fedha nyingi na kutegemewa kwa karo za watoto. Nayo huenezwa na kupe wa kahawia anayependa kujishikiza katika masikio. Ili apate kupe wa kuwachunguza ilimbidi atoke mjini, aende vijijini kuwazunguka ng'ombe wa watu, akiinama na kibano chake na chupa yake ndogo, akimbandua kupe mmoja mmoja. Mtu aliyeinama hivyo ana udhuru wa kutoona kitu kingine. Kazi yake ilikuwa katika sikio la ng'ombe, na chuo hakikumtuma kutazama zaidi ya hapo. Angaliwajaza kupe wake chupani, akarudi maabara, akaandika makala yake, hapana mtu ambaye angemlaumu kwa taksiri.

Lakini yeye aliinua kichwa. Akaona kuwa mito aliyoivuka, ambayo utotoni aliijua ikiwa safi, sasa inakwenda na rangi ya udongo, na kila mvua iliponyesha ilikuwa inauhamisha mteremko mzima kuupeleka baharini. Akaona ng'ombe wenyewe wamekonda hata mbavu zao zahesabika, kwa kuwa majani yalikuwa machache na makavu; akaona na watu nao wamedhoofika. Akatanabahi kwamba hatari iliyowakabili mifugo wale haikuwa katika kupe peke yake, na wala dawa ya josho isingeitibu, kwa sababu ardhi iliyowalisha ilikuwa inakufa chini ya kwato zao. Hapo, mabibi na mabwana, ndipo ninapoiweka mimi asili ya kazi ya mazingira katika chuo kikuu chochote: mwanachuoni aliyetumwa kutazama kitu kidogo, akakitazama kwa uaminifu, kisha akawa na ujasiri wa kukiri kuwa jawabu la swali lake liko nje ya chupa aliyopewa.

Wala si elimu ya ng'ambo tu iliyomfungua macho. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, na karibu na kwao palikuwa na mugumo, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu ambao Wakikuyu waliutukuza tangu kale. Mama yake alimkanya asiokote kuni chini yake, hata kijiti kikavu kilichodondoka chenyewe, kwani mti ule ulikuwa wa Mungu. Jirani ya mugumo huo ilibubujika chemchemi, na binti yule alipotumwa kuteka maji alikawia hapo, akiyatazama mayai ya chura yaliyotandaa majini kama shanga, akitumbukiza mikono midogo ayaokote ajivike shingoni, yakimponyoka kila alipoyainua. Na siku nyingine akija, mayai hayapo tena, pamejaa viluwiluwi vyeusi vikichezesha mikia. Miaka ikapita, akaenda ughaibuni, akarejea na shahada zake, akaenda kupatazama mahali pale. Shamba lilikuwa limebadili mwenyewe, mugumo umekatwa ili kupisha michai, na chemchemi imekauka. Wala vyura hawakuwako.

Sasa angalieni jambo hili kwa makini, kwa sababu hapa ndipo elimu mbili zilipokutana katika kifua cha mtu mmoja. Mama yake, ambaye hakukaa darasani, alijua kuwa mti ule haufai kuguswa. Naye bintiye aliyekaa darasani akaja kufahamu kwa nini. Mizizi ya mugumo hushuka chini mno, ikaupasua mwamba, na katika nyufa hizo maji yaliyohifadhiwa ardhini hupata njia ya kupanda hadi yakatoka juu kama chemchemi. Kadhalika mizizi hiyo hiyo huushika udongo wa mlimani usiporomoke. Mwiko ule, uliodhaniwa na wamisionari na wengi wa wanafunzi wao kuwa ni ushirikina, ulikuwa ndio kanuni ya kuhifadhi maji ya kijiji. Mimi nimekwisha kukaa katika vikao vingi vya wasomi ambamo maarifa ya wazee wetu hutajwa kwa heshima katika dibaji na kusahauliwa katika kitabu chenyewe, na kila mara hukumbuka chemchemi ya Ihithe.

Kutoka hapo Wangari akaingia katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya, na huko akayasikia mashaka ya wanawake wa vijijini kwa vinywa vyao. Walisema kuni zimekuwa haba, maji yako mbali, na watoto wanadhoofika katika mkoa ambao ndio uliokuwa ukivuna kahawa na chai ya kuuzwa nje. Mnyororo wa mambo ulikuwa hivi: mashamba yakatwaliwa na mazao ya biashara, miti ikakatwa, mama akakosa kuni za kuchemsha maharagwe na githeri kwa saa nyingi, akaacha kuvipika, akawalisha wanawe vyakula viivavyo upesi, mkate mweupe, wali, na ugali wa unga uliokobolewa, na watoto wakapatwa na maradhi ya utapiamlo katika nchi yenye rutuba. Daktari angeyatazama maradhi hayo katika damu, na mwanauchumi katika bei ya kahawa. Yeye aliyefundisha anatomia, ambaye kila siku aliwaonyesha vijana kuwa mguu wa ng'ombe hautembei bila ya mshipa ulio mbali nao, aliona mwili mmoja, na akaona ni mahali gani pa huo mwili panapofikiwa na mkono wa mwanamke maskini asiye na cheo: kupanda mti.

Msidhani kuwa alifanikiwa mara moja. Jaribio lake la kwanza, la kufungua kazi ya kuwaajiri watu wasio na kazi ili wapande na kutunza miti, lilimshinda. Miche aliyoikusanya ilikauka, kwa kuwa maji yaliadimika mjini na mikono ya kuitazama haikuwapo. Kisha tarehe 5 Juni 1977, siku ya mazingira duniani, akaongoza maandamano hadi uwanja wa Kamukunji, na hapo ikapandwa miti saba kwa kumbukumbu ya mashujaa saba wa makabila mbalimbali ya Kenya. Hiyo ndiyo siku ambayo Harakati ya Ukanda wa Kijani, aliyoiasisi yeye, huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Ila mimi, kwa heshima zote, huona kuwa kuzaliwa kwenyewe kulikuja baadaye, siku ambayo mabwana misitu wa serikali walikuja kuwafundisha akina mama namna ya kuotesha miche, wakaanza kuwaeleza habari za pembe ya mteremko, na upande wa kuelekezea tuta, na vipimo vya changarawe na mbolea, hata wanawake wale wakatazamana kwa fadhaa. Wangari aliyaona hayo, akawaambia waachane na masomo yale, watumie akili walizonazo, kwa kuwa wao ni wakulima ambao maisha yao yote wametia mbegu ardhini zikaota. Basi wakarudi kwa kawaida zao: wakaenda porini kuokota mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha katika vyungu vilivyovunjika na makopo matupu, wakaweka miche juu mahali ambapo kuku na mbuzi hawafiki, wakainyweshea kwa kopo lililotobolewa tundu chini. Na malipo yakapangwa kwa hekima ambayo mimi huistaajabia hadi leo: mama hakulipwa kwa mche alioupanda, alilipwa senti chache kwa mche uliokwisha kuhamishwa kutoka kitaluni na kuonekana umeshika, una uhai. Kufikia mwaka 2004 miti iliyopandwa kwa njia hiyo ilikuwa imepita milioni 30.

Senti zile kwa mche ulio hai zinanikumbusha jambo nililoliona kwa macho yangu, nami nitalisimulia bila ya kulitaja jina la mahali. Miaka kadha iliyopita nilialikwa katika chuo kimoja siku ya mazingira. Mashimo yalikuwa yamechimbwa tangu jana yake, yamepangwa safu kwa kamba. Miche ilikuwa katika viriba vyeusi vya plastiki. Wageni tulivishwa glavu nyeupe, tukapewa kila mmoja mche na kopo la maji, picha zikapigwa, hotuba zikasomwa, na kibao cha bati kikasimamishwa chenye hesabu ya miti na tarehe. Mwezi wa Septemba nilipata safari ya kupita hapo, nikatamani kuutazama mche wangu. Safu nzima ilikuwa vijiti. Nikaushika wa kwangu kwa vidole viwili, ukang'oka bila ya ukaidi wowote, na kiriba chake kikatoka nao kikiwa kizima, hakikuchanwa hata mahali pamoja; nikakipasua, nikaona mizizi imezunguka ndani mzunguko baada ya mzunguko, imejisokota kama uzi kwenye kibiringo, ikitafuta mlango. Mtunza bustani, mzee wa makamo, alikuwa akifyeka karibu, nikamwuliza, naye akaliweka fyekeo chini, akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, sisi tuliambiwa tuchimbe mashimo, na mashimo tulichimba. Habari ya maji hakuna aliyetuambia, na mpira wa bomba haufiki huku."

Nilirudi nyumbani na kiriba kile mfukoni. Simlaumu mzee yule hata chembe. Nawalaumu waliochagua siku ya kupanda kwa kufuata kalenda ya sherehe wakaisahau kalenda ya mvua; kwani huku kwetu, Nairobi na hata pwani, Juni ni mwezi ambao masika yanakwisha, na mche unaotiwa ardhini wakati huo una miezi mitatu au minne ya ukame mbele yake kabla ya vuli kuanza. Mkulima hawezi kupanda mahindi siku hiyo. Kama ni lazima kupanda tarehe 5 Juni, basi ratiba ya sherehe iambatane na ratiba ya maji, yenye majina ya watu na siku za zamu zao, hadi Oktoba. Na kama ratiba hiyo haipo, ni afadhali siku hiyo tuchane viriba, tuchanganye mboji, tusie mbegu kitaluni, na kupanda tukuahirishe hadi mvua zitakapotuita.

Sasa niseme machache juu ya majedwali ya sifa, ambayo najua wengi wenu mmekuja kuyasikia. Mwaka 1990 wakuu 22 wa vyuo vikuu walikutana Talloires, mji mdogo wa Ufaransa, wakatoa azimio la vifungu 10 la kuvifunga vyuo vyao katika kazi ya mazingira, na tangu hapo mamia ya vyuo vimelitia saini. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Indonesia kilianzisha jedwali la GreenMetric, ambalo mwaka wake wa kwanza lilivipima vyuo 95 vya nchi 35, na baadaye kwa miaka mingi liligawa alama zake hivi: nishati na mabadiliko ya tabianchi 21 kwa mia, taka 18, usafiri 18, elimu na utafiti 18, mandhari na majengo 15, maji 10. Kazi hii si ya kubezwa. Mkuu wa chuo ambaye hajapata kuulizwa maishani mwake maji ya chuo chake yanatoka wapi na taka zake zinakwenda wapi, akiletewa karatasi ya kumwuliza, hulazimika kwenda kutafuta jawabu, na huko kutafuta peke yake kuna faida. Mjini Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore kilitandaza mwaka 2014 vibamba vya umeme wa jua juu ya mapaa yake vyenye uwezo wa takriban kilowati 600. Kitu hicho kinahesabika, kinaonekana, na kinastahili sifa kiliyopewa.

Lakini karatasi hizo hujazwa na chuo chenyewe, nazo huuliza kilichopo. Haziulizi kisichopo. Haziulizi ni ekari ngapi ambazo zingaligawanywa kwa matajiri lau wanafunzi wangenyamaza, wala haziulizi kama mwalimu aliyeleta habari ambayo wakubwa hawakupenda kuisikia bado yumo kazini. Nami nasema kwa yakini kuwa jedwali lolote la namna hiyo, kama lingekuwapo Nairobi mwaka 1982, lisingeonyesha upungufu wowote katika mwaka ambao chuo kile kilipata hasara kubwa kuliko zote katika jambo hili.

Mwaka huo Wangari alikuwa amekifundishia chuo takriban miaka 16. Kiti cha ubunge kikawa wazi kwao Nyeri, akaazimia kukigombea, na sheria ikamtaka ajiuzulu kwanza kazi ya chuo, akajiuzulu. Akaambiwa kuwa hakujiandikisha ipasavyo katika orodha ya wapiga kura, akakataliwa kugombea. Akarudi chuoni kuiomba kazi yake, naye alikuwa ameiacha kwa saa chache tu, akakuta mlango umefungwa. Na kwa kuwa nyumba aliyokaa ilikuwa ya chuo, akatakiwa ahame yeye na watoto wake. Msisahau kuwa katika zama zile Mkuu wa chuo alikuwa ni Rais wa nchi. Basi chuo kilichokuwa na mtu ambaye alikwisha kuonyesha uhusiano wa kupe na mto, wa mto na kuni, wa kuni na afya ya mtoto, kilimtoa nje na masanduku yake, na kazi kubwa ya mazingira iliyopata kufanywa na mwalimu wa chuo hicho ikafanyika tangu hapo nje ya ua wake.

Yaliyofuata yanajulikana, nami sitayarefusha. Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, akatukanwa bungeni, akaambiwa kuwa mwanamke wa Kiafrika hupaswa kuwa na staha mbele ya wanaume. Jumba halikujengwa, na watu wa Nairobi wakaendelea kujilaza majanini pale siku za Jumapili. Mwaka 1998 msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,000 ukingoni mwa jiji, ukaanza kukatwa vipande na kugawiwa wakubwa wa siku zile na marafiki zao. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda huko na wenzake wapande miti, wakavamiwa na walinzi waliokodiwa, akapigwa akapasuka kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha shtaka, alilitia saini kwa damu yake mwenyewe.

Hapa ndipo chuo kiliporudi katika habari hizi, na ni vizuri tuseme kimerudi kwa mlango gani. Hakikurudi kwa uamuzi wa baraza lake wala kwa waraka wa wakuu wake. Walirudi wanafunzi. Vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walitoka madarasani wakaandamana kwa ajili ya Karura, wakakabiliana na polisi na mabomu ya machozi. Wengi wao hawakupata kufundishwa na Wangari, maana walikuwa watoto wadogo alipofukuzwa. Mwezi Agosti mwaka huo Rais akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo ukienda Karura utawakuta watu wa kila hali wanatembea chini ya vivuli, na mto unapita, na maporomoko yanasikika kabla hujayaona. Na wale vijana walioivuta gesi ya machozi kwa ajili ya vivuli hivyo hawana kibao kinachowataja. Kama ningekuwa na uwezo wa kukipa chuo alama za mazingira, ningekipa alama nyingi kwa siku zile.

Tarehe 8 Oktoba 2004 Wangari alikuwa garini akielekea Nyeri, akiwa sasa mbunge wa Tetu na naibu waziri, ilipomfikia simu ya kumwarifu kuwa ametunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupewa tuzo hiyo. Akasimama katika hoteli ya Outspan, akaomba jembe na mche, akapiga magoti akapanda mti, Mlima Kenya ukiwa mbele yake. Wapo waliouliza wakati ule miti ina uhusiano gani na amani. Na jawabu lilikuwa katika chemchemi ya Ihithe tangu zamani, kwani maji yakikauka watu huyagombania yaliyobaki.

Baada ya dunia kumsifu, chuo nacho kikamkumbuka. Akiwa bado hai, Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kushirikiana na Harakati ya Ukanda wa Kijani, kilianzisha Taasisi ya Wangari Maathai ya Amani na Masomo ya Mazingira, katika kampasi ya Kabete ya Juu, yaani penye shule ile ya mifugo aliyoanza kuitumikia, miongoni mwa mashamba na mazizi. Wako wanaosema kuwa hiyo ilikuwa ni toba. Mimi sipendi kuzihukumu nia za watu. Naona tu kuwa heshima ile imewekwa mahali panapofaa, kwa sharti kwamba mwanafunzi aingiaye humo aambiwe habari zote, na mwaka 1982 usirukwe katika kusimulia. Nami ninalo ombi moja kwa taasisi hiyo na kwa kila chuo kilichowakilishwa hapa jioni hii, nalo halihitaji fedha nyingi: katika taarifa ya mwaka ya mkuu wa chuo, mahali panapoandikwa idadi ya miti iliyopandwa, iongezwe safu ya pili ya idadi ya miti iliyo hai ya miaka mitatu iliyopita, ihesabiwe na wanafunzi kwa miguu, shina kwa shina, na jina la mtunza bustani aliyeinywesha liandikwe kando yake.

Wangari alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa amewausia jamaa zake kuwa asizikwe katika jeneza la mbao, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Nao wakautimiza wasia. Wakamtengenezea jeneza la fremu ya mianzi, likasukwa kwa mafunjo na kwa magugumaji, lile gugu ambalo limeyasonga maji ya Ziwa Viktoria na kuwafungia wavuvi njia, ambalo halina wa kulililia likivunwa. Mwili ukateketezwa kwa moto Kariokor, na mabaki yake yakapelekwa Kabete, yakazikwa katika viwanja vya taasisi yenye jina lake, katika udongo mwekundu wa chuo kilichopata kumnyima kazi, akiwa amerudi sasa mahali ambapo hapana wa kumtaka ahame.